St. Augustine, Florida: tazama jiwe, usitazame mnara

Swali: Assalaam alaikum. Naishi Jacksonville, Florida, mwaka wa sita sasa. Mavyaa wangu amekuja kututazama kutoka Mombasa, tukampeleka St. Augustine, mji wa Wahispania unaosemwa kuwa mkongwe kuliko yote Marekani. Tulizunguka nusu siku, na kila tulipogeuka kulikuwa na kibao: nyumba kongwe kuliko zote, shule kongwe kuliko zote, mtaa mkongwe kuliko yote. Mavyaa kazaliwa Kibokoni, hatua chache na Fort Jesus. Alicheka akasema, "Hawa wanatuuzia mbuzi kwenye gunia." Tunataka kurudi tena kabla hajasafiri. Majengo gani hasa ni ya Wahispania wenyewe? Nitayajuaje kwa macho? Na sisi watu weusi tulikuwa na sehemu gani pale, au tulikuwa watumwa tu? — Mama Salma

Jibu: Waalaikum salaam Mama Salma, na mama mpe shikamoo yangu. Kucheka ana haki, ila asicheke mpaka mwisho, maana amepatia nusu. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, na hakuna jengo lililosimama St. Augustine leo lenye umri huo. Lakini mji wenyewe uliasisiwa tarehe 8 Septemba 1565, miaka 28 kabla ya jiwe la kwanza la Fort Jesus. Mji una umri wake, majengo yana umri wao, na vibao vile hucheza katikati ya hayo mawili. Ukiona kibao cha "kongwe", uliza: kongwe nini? Kiwanja, msingi, au ukuta?

Nami niungame kabla sijakufundisha. Kazi yangu ni ukarabati wa nyumba za mawe za pwani, Lamu na Mombasa, na St. Augustine nimefika mara mbili. Safari ya kwanza nilipiga picha kama mgeni yeyote: minara miwili mirefu, mapaa ya vigae vyekundu, nguzo zilizosokotwa, chemchemi uani. Niliporudi niliwaonyesha mafundi wangu nikawaambia, tazameni Wahispania walivyojua kujenga. Hakuna hata jengo moja katika picha zile lililojengwa na Mhispania. Yote yalikuwa hoteli za tajiri mmoja Mmarekani za miaka ya 1880. Jengo la Kihispania la kweli nililipita bila kulitazama, kwa sababu lilikuwa ukuta mnene wa kijivu, hauna pambo, dirisha moja dogo. Kwa hiyo ushauri wangu wote kwako ni huu mmoja: tazama jiwe, usitazame mnara.

Tuanze na mwaka. Aliyeuanzisha mji ni Pedro Menéndez de Avilés, jemadari wa mfalme Felipe wa Pili wa Hispania. Aliiona nchi kavu tarehe 28 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Augustino, akaupa mji jina hilo. (Augustino mwenyewe alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa nchi inayoitwa leo Algeria. Wengi wanaopita pale hawalijui hilo.) Menéndez na watu wake walipiga kambi kwanza katika kijiji cha Watimucua, wenyeji wa nchi ile, kwa chifu aliyeitwa Seloy. Na hapa mama atapenda kusikia: Felipe huyo huyo alitwaa pia kiti cha ufalme wa Ureno mwaka 1580. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, mfalme wao alikuwa ni yule yule wa St. Augustine. Ndiyo sababu buruji moja ya Fort Jesus inaitwa San Felipe mpaka leo. Mama amezaliwa kivulini mwa ngome ya mfalme, kisha amekuja kutembea katika mji wa mfalme huyo huyo ng'ambo ya bahari nyingine.

Tofauti ni kwamba wakati Mombasa inapata ngome ya mawe, St. Augustine ilikuwa mji wa mbao na makuti. Na mbao huungua. Francis Drake, Mwingereza, aliuchoma mwaka 1586. Mwaka 1668 haramia Robert Searle aliuvamia usiku na kuua watu wengi. Halafu mwaka 1702 gavana wa Carolina, James Moore, akaja na jeshi la Waingereza, akauzingira, na alipoona ameshindwa kuichukua ngome akautia mji moto wakati wa kuondoka. Huo moto wa 1702 ndio mpaka wako wa kwanza. Ukiitoa ngome, karibu kila ukuta unaouona katika mji ule ulijengwa baada yake. Mtu akikuonyesha nyumba akisema ni ya miaka ya 1500, mshukuru, endelea na safari yako.

Sasa jiwe. Wahispania walikaa pale miaka mia moja kabla ya kulitumia ipasavyo, na lilikuwa ng'ambo ya hori tu, kisiwani Anastasia. Linaitwa kokina. Si jiwe la mlimani. Ni makombe madogo madogo ya pwani, mamilioni kwa mamilioni, yaliyoshikamana kwa chokaa yao wenyewe kwa maelfu ya miaka. Ukilitazama kwa karibu unaziona ganda kwa ganda, kama maandazi yaliyovingirishwa kwenye ufuta. Likitoka ardhini huwa laini na limelowa, linakatika kwa shoka. Linaachwa likauke, ndipo linakuwa gumu la kujengea. Mama hatahitaji kuelezwa zaidi. Matumbawe ya baharini waliyochongea mafundi wa Lamu mihirabu na zidaka (vishubaka vya ukutani) yana tabia iyo hiyo: mabichi huchongeka, yakikauka hushika. Na chokaa ya kuunganishia walichoma kama sisi tulivyochoma, ila wao walichoma maganda ya chaza badala ya matumbawe. Maganda hayo hayo, yakichanganywa na chokaa na mchanga, ndiyo yaliyokuwa sakafu na hata kuta za nyumba za wasio na uwezo wa jiwe.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha macho: kokina iliyokatwa matofali makubwa, yamepangwa kwa chokaa, ukuta mnene. Ukiyaona hayo, simama. Lakini usidanganyike, maana hata hoteli za yule tajiri zina makombe ndani yake. Zile zimemiminwa: saruji imechanganywa na makombe yaliyopondwa, ikamwagwa katika kalibu za mbao. Hakuna tofali, hakuna mstari wa chokaa, uso wake ni mmoja tu. Pitisha macho utafute maungio. Ukuta wa Mhispania una maungio.

Ngome ndiyo jengo la kukaa nalo muda mrefu. Jina lake Castillo de San Marcos. Kabla yake walijenga ngome tisa za mbao, moja baada ya nyingine, zikioza, zikiungua au zikibebwa na bahari. Uvamizi wa Searle ndio uliowatisha wakuu wa Madrid wakatoa fedha za jiwe. Ujenzi ulianza tarehe 2 Oktoba 1672 chini ya mhandisi Ignacio Daza aliyeletwa kutoka Havana, ukamalizika 1695. Ulichukua miaka 23, na mikono mingi: wachonga mawe kutoka Cuba, wafungwa, watumwa Waafrika wa mfalme, na wenyeji wa makabila ya Timucua, Guale na Apalache walioletwa zamu kwa zamu kutoka vijiji vya misheni. Wasomaji wa historia ya Mombasa watatambua tarehe: ngome hii ilimalizika 1695, na mwaka uliofuata, 1696, Waarabu wa Oman wakaanza kuizingira Fort Jesus.

Umbo lake ni lile lile ambalo mama amelizoea: mraba wenye buruji nne zilizochongoka pembeni, San Pedro, San Agustín, San Carlos na San Pablo. Mchongoko huo una kazi. Ukisimama juu ya buruji moja unauona ukuta mzima wa buruji jirani mpaka chini kabisa, kwa hiyo adui hana pembe ya kujificha. Kila buruji inamlinda mwenzake. Kuta zake ni nene, futi 12 mpaka 19 kadiri ya upande, na upande wa bahari ndio mnene zaidi. Mlango ni mmoja tu. Handaki linaloizunguka halikuwa na maji. Wakati wa kuzingirwa liligeuzwa zizi, ng'ombe wakafungiwa humo ili watu wapate kula. Jambo moja ambalo macho hayawezi kukupa: ngome haikuwa ya kijivu. Ilipigwa lipu ya chokaa nyeupe, na vibanda vya walinzi vilivyo kwenye ncha za buruji vilipakwa rangi nyekundu. Ukiiwazia nyeupe pe! juani, juu ya maji ya buluu, utaelewa meli za Waingereza zilikuwa zinaona nini.

Watu karibu 1,500, wakazi wote wa mji pamoja na askari, walijifungia ndani ya ngome ile mwaka 1702 kwa siku zipatazo 50. Walitoka wakakuta nyumba zao ni majivu, lakini walitoka hai. Mwaka 1740 Mwingereza mwingine, James Oglethorpe wa Georgia, alipanga mizinga kisiwani Anastasia akaipiga ngome siku 27. Ukuta haukupasuka. Hapa ndipo kokina ilipoonyesha siri yake. Jiwe gumu likipigwa na tufe la chuma hupasuka vipande na ufa hukimbia. Kokina ina vitundu vingi katikati ya makombe, kwa hiyo inabonyea. Tufe linazama kama kidole kwenye ugali, likakaa humo humo. Nimefanya kazi na mawe maisha yangu yote na sijui jiwe jingine duni kwa sura lililotumikia watu namna hiyo. Ngome haikuwahi kutekwa kwa vita. Ilipita mikononi kwa mikataba: Waingereza 1763, Wahispania tena 1784, Wamarekani 1821.

Wamarekani waliigeuza jela, na hilo vibao vinalieleza vizuri kwa mwenye subira ya kusoma. Osceola, kiongozi wa Waseminole, wenyeji wa Florida, alifungwa humo 1837. Baadaye wakaletwa wenyeji wa nyika za magharibi, kisha Waapache, mamia yao, wamerundikwa juu ya ngome kwenye mahema. Fort Jesus nayo ilikuwa jela chini ya Waingereza mpaka miaka ya 1950. Ngome zina hatima moja.

Tukitoka ngomeni tuje nyumba za watu. Mwaka 1763 Hispania ilipoikabidhi Florida kwa Uingereza, watu zaidi ya 3,000, yaani karibu mji mzima, walipanda merikebu wakahamia Cuba. Nyumba zikabaki tupu, na za mbao nyingi zikaishia kuwa kuni za askari wa Kiingereza. Majengo ya wakati wa ukoloni yaliyobaki leo hayafiki arobaini. Mengine mengi unayoyaona Mtaa wa St. George yalijengwa upya kuanzia 1959, jimbo la Florida lilipounda tume ya kuurudisha mji wa kale. Walichimba misingi kwanza, wakasoma hati, ndipo wakainua kuta. Siziiti uongo nyumba hizo. Ni nakala, na nakala nzuri humsaidia mtu kuelewa. Kosa ni kumwachia mgeni aamini kwamba ni asili.

Nyumba ya kuiendea ni ile ya González-Álvarez, Mtaa wa St. Francis, inayojulikana kama Nyumba Kongwe. Kiwanja chake kimekaliwa tangu miaka ya 1600, lakini nyumba ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1700, yaani baada ya moto. Uzuri wake kwa mwanafunzi wa majengo ni kwamba inasomeka kama kitabu. Chini ni kuta za kokina na sakafu ya chokaa na maganda ya chaza, vyumba viwili tu vya Tomás González, askari. Juu ni ghorofa ya mbao iliyoongezwa wakati wa Waingereza. Vioo vya madirisha na meko yenye bomba la moshi navyo ni mambo ya Waingereza. Mhispania hakuwa na bomba la moshi. Aliota moto wa makaa, seredani hasa, na jiko alilijenga mbali uani. Ukiona bomba la moshi kwenye nyumba ya kokina, ujue Mwingereza alipita hapo.

Na sasa mwambie mama atafute mlango. Hataukuta mtaani. Nyumba ya Kihispania ya St. Augustine haimfungulii mlango mpita njia. Barabarani unakuta ukuta, dirisha lenye kimia cha mbao, labda roshani inayoning'inia juu; mlango uko ubavuni, unapita lango la ua kwanza, halafu baraza lenye matao linaloelekea kusini, ndipo unaingia ndani. Kusini kwa sababu jua la baridi huingia chini chini kupitia matao, na la kiangazi huwa juu mno, haliingii. Ukuta wa kaskazini mara nyingi ni kipofu, kwa ajili ya pepo za baridi. Mama akikumbuka daka (kibaraza cha mlangoni) na kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba za Lamu atasema, hawa walikuwa na haya kama sisi. Sitaki kulikuza jambo, maana kila mmoja alifika hapo kwa njia yake, ingawa Hispania ilitawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi na ua wa ndani si jambo lililoanguka kutoka mbinguni.

Katikati ya mji kuna uwanja, Plaza de la Constitución. Mpango huo, uwanja katikati, kanisa na nyumba ya gavana zikiutazama, ulikuwa amri: Felipe wa Pili aliutilia sahihi mwaka 1573 kwa miji yote ya makoloni yake. Mnara mdogo mweupe uliochongoka uwanjani ni wa kuadhimisha katiba ya Hispania ya 1812. Mfalme Fernando wa Saba alipoifuta katiba hiyo aliamuru kumbukumbu zake zote zibomolewe. Huu ulipona. Kanisa kuu lilijengwa 1793 mpaka 1797 kwa kokina. Liliungua 1887 kuta zikabaki, na mnara wake wa kengele, ambao kila mtu huupiga picha, ni wa baada ya moto huo, wa mbunifu kutoka New York. Tazama badala yake ule uso wa mbele wenye kengele zilizotundikwa katika matundu ya ukuta. Huo ndio wa Wahispania. Nyumba ya gavana ng'ambo ya uwanja ni mahali pale pale tangu miaka ya 1590, lakini sura yake ya leo ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa kufuata picha iliyochorwa 1764.

Zile hoteli, basi, tuzimalize haraka. Henry Flagler, mwenzake Rockefeller katika biashara ya mafuta, alifungua Hotel Ponce de León mwaka 1888 kwa matajiri waliokimbia baridi ya kaskazini. Leo ni chuo. Hotel Alcazar mbele yake ni makumbusho na ofisi za mji. Ni majengo mazuri, na kwa historia ya saruji Marekani ni muhimu sana. Ingieni mkipenda. Mkitoka msiseme mmeona Hispania.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Hapana, hamkuwa watumwa tu, na pahali pa kulionyesha jambo hilo ni maili mbili kaskazini mwa mji, ambapo hakuna jengo la kale hata moja lililosimama. Panaitwa Fort Mose. Litamke jina kama lilivyoandikwa, Mo-se. Waswahili tunalipata mara moja, Waingereza hulitafuna.

Mwaka 1693 mfalme Carlos wa Pili wa Hispania alitoa amri kwamba mtumwa yeyote atakayetoroka makoloni ya Waingereza na kufika Florida, akiingia Ukatoliki, atakuwa huru. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alitaka kuwakomesha Waingereza wa Carolina na kuwapata askari. Lakini habari ilikimbia kwenye mashamba ya mpunga kuliko barua yoyote. Watu walitembea usiku, kupitia vinamasi, kuelekea kusini, si kaskazini kama tunavyosimuliwa siku zote. Mmoja wao alikuwa Mmandinka aliyebatizwa Francisco Menéndez. Alifika St. Augustine miaka ya 1720, na pamoja na amri ya mfalme akauzwa tena utumwani. Akaongoza kikosi cha watumwa, akaandika maombi, akaandika tena, mpaka 1738 gavana Manuel de Montiano alipomweka huru pamoja na wenzake na kuwapa kijiji chao chenye ngome: Gracia Real de Santa Teresa de Mose. Kilikuwa na watu mia moja hivi, na Menéndez ndiye kapteni. Ni kijiji cha kwanza cha Waafrika huru kuidhinishwa na serikali katika nchi ambayo leo ni Marekani. Mwaka uliofuata watumwa wengi wao wa Kongo waliinuka huko Stono, Carolina, wakashika njia ya St. Augustine, wengi waliuawa kabla hawajafika.

Watu wa Mose hawakuwa wa pwani yetu. Walikuwa wa Afrika Magharibi na Kongo, na nisingependa mtu awavishe kanzu. Mwaka 1740 Oglethorpe alipokuja walihamishiwa ndani ya Castillo, Waingereza wakakalia kijiji chao. Alfajiri moja ya Juni askari wa Kihispania, wenyeji na wanamgambo wa Mose wenyewe walirudi wakawapiga Waingereza vibaya, na kipigo hicho kilimvunja Oglethorpe moyo. Kijiji kiliharibika, kikajengwa tena 1752, na 1763 wote wakaondoka na Wahispania kwenda Cuba. Maji ya kinamasi yakapameza. Mwanaakiolojia Kathleen Deagan na timu yake walipachimbua kuanzia 1986, wakapata misingi, risasi, vifungo, na medali ya fedha ya Mtakatifu Kristofa iliyotengenezwa kwa mkono. Leo kuna makumbusho ndogo na njia ya mbao ya kutembelea juu ya kinamasi, na karibuni umejengwa mfano wa ngome yenyewe ya udongo na magogo.

Usiikose pia banda la soko pale uwanjani, lenye nguzo, upande wa mashariki. Liliuza nyama na mboga, na watu pia waliuzwa pale. Mwaka 1963 mji ulipokuwa unajitayarisha kwa sherehe za miaka 400, watu weusi hawakuwekwa hata katika matayarisho. Daktari wa meno Robert Hayling na wenzake wakaanza kupinga, na Juni 1964 Martin Luther King alikamatwa kwenye ngazi za hoteli moja ya mji ule. Waandamanaji walikuwa wakielekea banda hilo hilo la soko kila usiku, na usiku mmoja Andrew Young, msaidizi wa King, alipigwa akielekea huko. Kwa hiyo urejeshaji ule wa nyumba za kale niliousifu ulikuwa ukiendelea mtaa mmoja na mapambano hayo, na hakuna aliyefikiri wakati ule kumweka Menéndez wa Mose katika picha.

Mkitoka Jacksonville, Mose iko njiani kabla hamjaingia mjini. Anzieni hapo asubuhi kukiwa na ubaridi. Kisha ngome. Mtoke kwa lango la mji, nguzo mbili za kokina za 1808, mshuke Mtaa wa St. George mpaka uwanjani, mpite Mtaa wa Aviles, mmalizie Nyumba Kongwe. Ikiwa mna siku ya pili, kusini kuna Fort Matanzas, ngome ndogo ya 1742 kisiwani, huvukishwa kwa mashua ya hifadhi bila malipo. Mama achukue mwavuli, juu ya ngome hakuna kivuli. Na siku za mwisho wa wiki huwa wanafyatua mizinga ya kale kwa wageni, basi mwambie mapema, asije akadhani Waingereza wamerudi.